Nimekula halua ya pepo

Jamani, leo mama mkwe kaniamkia shikamoo. Mimi!

Nilikuwa uani nafanya taichi, yale mazoezi ya Kichina tuliyofundishwa kliniki ya kisukari. Macho nimefumba, mikono inaelea polepole.

Mara nasikia harufu ya ubani.

Kufumbua macho, mama mkwe kapiga magoti mbele yangu, chetezo mkononi.

"Shikamoo, bwana. Wataka nini umwache mwanangu?"

Kumbe kaniona nimepandwa na pepo!

Ningesema ukweli. Wallahi ningesema.

Lakini tangu Idi sijaonja kitu kitamu.

"Halua," nikanguruma.

Anajua nina kisukari, ila pepo hanyimwi. Kanilisha kwa mkono wake, huku akilia.

Sasa yuko kwenye mswala, anamshukuru Mungu nimepona.

Niambieni: nianze kupima sukari, au kumwomba radhi?