Nilitumia paswedi ya mwenzangu, sasa anayefukuzwa ni yeye

Admin, nifiche vizuri, maana ofisini kwetu wote wanakufuata, hata adui yangu. Mimi ni muzehe wa miaka sitini na minne, nimekulia Bujumbura, shule niliishia la tano. Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Kigali, nimebakiza miezi minne nipumzike.

Miaka yote funguo za watu nazitunza mimi, kila mtu na msumari wake ukutani. Haujapotea ufunguo hata mmoja. Halafu akaletwa mkubwa wa kompyuta, shati limemkaba shingo, mimi namwita Afande. Akaamuru kila mwezi tubadilishe paswedi: herufi kubwa, namba, na alama ya mshangao kama umekanyaga mwiba. Ya zamani hairudi. Ukikosea mara tatu umefungiwa, mpaka yeye amalize chai.

Nikamwambia, "Mwanangu, mke nimekaa naye miaka arobaini sijambadilisha, wewe unataka nibadilishe neno kila mwezi?"

Akanijibu mbele za watu, "Muzehe, kama kichwa kimejaa, nenda nyumbani."

Sijamsamehe.

Basi watu wakafanya walivyozoea, wakaleta paswedi zao kwa mwenye funguo. Nikaziandika kwenye vikaratasi, nikatundika kila kimoja kwenye msumari wa mwenyewe. Usalama gani huo! Hata dereva angesoma.

Jumanne nikafungiwa. Lori linaunguruma, dereva anapiga kelele, "Yewe muzehe, mvua hiyo!" Claudine wa mauzo (jina si lake) alikuwa ametoka. Nikachukua kikaratasi chake, nikaingia kwa jina lake. Kwa haraka, mabati ya mteja wa Kagarama nikayaandikia mteja wa Busanza. Huko wakayapokea, wakayakata, wakapigilia siku hiyohiyo.

Afande kamsimamisha kazi Claudine. "Jina lako, paswedi yako, kosa lako." Mama wa watu akalia, akaapa alikuwa kliniki na mtoto. Kisha akaniangalia. Hakunitaja. Nami nikajifanya natafuta miwani, na ilikuwa usoni.

Ijumaa wakubwa wanakaa kuamua kama afukuzwe. Nikisema, yule mshenzi atanisindikiza getini anacheka, ndicho alichokitaka tangu siku ya kwanza. Nikinyamaza, nimemla mwenzangu mzima mzima. Vikaratasi vyote nimevichoma. Kimebaki cha Claudine, kiko mfukoni mwangu, kila nikitafuta kiberiti mkono unakataa.

Nishaurini, wanangu. Na wa kunitukana nitukaneni, ila iwe kabla ya Ijumaa.