Mapafu ya Kondoo Jikoni kwa Mama

Kila alipopanda kilima na kikapu cha majani chai kwenda kituo cha kuuzia chai, Mama alikuwa akiishiwa pumzi. Alisimama, ameshika kiuno, akijifanya anatazama ng'ombe wa jirani. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilijua ni moshi wa jikoni. Nilimwomba atoboe dirisha akakataa katakata. Moshi ukitoka, alisema, paa la nyasi litaoza. Niliogopa kwamba siku moja atasimama pale kilimani asiendelee tena.

Nikamsihi aende kliniki kule Litein. Sisi Wakipsigis, p na b, hata t na d, hutuchezea shere, na Mama ndiye bingwa. Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea.

"Taktari, mabafu yangu inanisumbua," alimwambia daktari.

"Umeteleza bafuni, mama?"

Wakati huo kikohozi kilikuwa kimembana, akaitikia kwa kichwa tu. Akatoka na dawa ya kuchua mgongo! Nilicheka, nikakasirika, nikacheka tena. Yeye akaapa kwamba kliniki harudi ng'o.

Desemba hiyo kaka yangu alichinja kondoo. Nilipoyaona mapafu kwenye karai, moyo ulinidunda kwa furaha. Niliyanyakua kabla hayajakatwakatwa, nikafunga mpira wa pampu ya baiskeli kwenye bomba lake la hewa, nikamwita Mama.

Nikasukuma. Lo! Yalifura, yakang'aa rangi ya waridi, yakajaa karai lote. Mama aliruka nyuma.

"Woi! Iko hai!"

Hapo sikushikika tena. Nilikata kipande nikakitupa kwenye maji, kikaelea. Nikamwonyesha jinsi bomba linavyogawanyika matawi, matawi yakazaa vijitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba ajabu, na nyuma yake damu inapita. Damu inafika na hewa chafu, inaiacha pale, inachukua oksijeni na kuisambaza mwilini. Unapotoa pumzi, unaitoa ile chafu. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, lakini siku hiyo nilikuwa nikirukaruka kama mtoto.

"Sasa moshi ikiingia?" Mama aliuliza.

"Masizi yanakaa humo humo. Oksijeni inakosa pa kupita."

Alitazama mapafu yale, kisha akatazama ukuta wa jikoni, mweusi tititi.

"Huyu kondoo alikuwa analala nje," alisema polepole. "Na yangu?"



Asubuhi niliamshwa na vishindo. Mama alikuwa jikoni na panga, anabomoa ukuta wa udongo juu ya mafiga. Nilipiga kelele za shangwe, nikachukua jembe kumsaidia. Mwanga uliingia, moshi ukatoka kwa kasi, na sisi wawili tukacheka, vumbi limetujaa nywele.

Aliweka panga chini, akanigeuza, akabandika sikio lake mgongoni mwangu.

"Nilikuwa nakupika humu ndani," alisema. "Hapana, nilikuwa napika, na wewe nimekubeba mgongoni. Vuta pumzi nisikie."

Nikavuta, taratibu, mpaka mwisho.

"Tena," akasema.