Mpira Alioniachia Masanja

Asifiwe Mungu, aliyenifikisha uzeeni na kumbukumbu zangu.

Juzi, nikitoka kanisani Bugarama, niliona vijana wa mgodini wakipanda lori kwenda mechi, mmoja kakumbatia mpira. Nikakumbuka alasiri moja ya wakati wa vita. Kaka yangu Masanja alikuwa kipa wa makuruta, katika chuo cha jeshi jirani na kijiji chetu. Kila mechi timu yao ilikuja na sura mpya. Nilipouliza wa zamani wako wapi, mama alijibu, "Wamekwenda kucheza ugenini."

Siku hiyo mechi iliisha, lori likaja. Harufu ya dizeli ikafunika ile ya michembe ya viazi vitamu tuliyowapelekea. Masanja, jasho likimtoka, alinirushia mpira kutoka juu ya lori.

"Mdogo wangu, nitunzie!"

"Sasa huko ugenini mtacheza na nini?"

Makuruta wakaangua kicheko. "Wenyeji wanao wao, mdogo wetu!"

Mama hakucheka.

Ugenini, sasa najua, kulikuwa ng'ambo ya Kagera. Nililala na mpira ule hadi vita vilipokwisha. Kaka alirudi akichechemea. Nikamletea mpira, nikauliza nani alishinda. Aliubonyeza kwa dole gumba, kisha akasema, "Umeisha upepo. Kalete pampu."

Nawe unayesoma, Mungu awarudishe nyumbani wote unaowangoja.