Chini ya Meza ya Dokta Atupele

Kazi yangu chuoni ni kuwanoa wahadhiri wachanga wapate ruzuku za utafiti za serikali, na majivuno ninayo. Juzi Dokta Atupele, mtafiti wa vyungu vya Lyulilo, alihojiwa na jopo kwa video akiwa kwao Matema. Msaidizi haruhusiwi, lakini mimi na kitambi changu tulijikunja chini ya meza tumnong'oneze majibu.

Akajibu vizuri mno. Mwishoni mwenyekiti, mzee wa Ngana, akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo."

Sasa mimi nimelelewa Ndandalo, kwa Wanyakyusa, ambako usipoitikia shukrani ya mzee unachapwa. Nikaitikia kwa sauti yangu nene: "Ndaga, taata," yaani asante, baba.

Mzee akavua miwani.

"Dokta, kumbe na meza yako ni Mnyakyusa."