Mayungiyungi ya Mama

Nilikosea kwa kuyakata yangali yamefumba. Leo, kwenye ukumbi wa harusi Tunduma, harufu ya mayungiyungi imenirudishia asubuhi ile ya kipupwe.

Mama alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi tena kufika bustanini. Baba akanituma nimletee maua. Nikachagua yaliyobana kabisa, jinsi mama alivyonifundisha kuwakatia wateja ili yakafunguke kwao. Sikutaka aone kasoro.

Aliyapokea yakiwa na umande, akacheka kidogo.

"We mwanangu, haya si ya kuuza? Mimi nilitaka yaliyofunguka."

"Yatafunguka, mama. Subiri kidogo."

"Haya, baba," mama akanijibu.

Yalifunguka mezani, nyumba ikiwa imejaa watu waliokuja kumzika.

Bustani sasa naitunza mimi. Mstari ulio karibu na nyumba siuuzi; nayaacha maua yake yafunguke.