Siku Niliyoenda Chepsaita Kumnunua Kibet

Najua nusu ya hii stori mmeshaisikia, maana Kamau hajui kunyamaza, lakini nusu aliyowaambia ni ile inayomfanya yeye aonekane mwerevu, kwa hivyo leo wacha niiseme yote mimi mwenyewe, na mkicheka chekeni mara moja iishe, kwa sababu kuna watu wa Chepsaita mpaka sasa wakinipata mjini wananiita Mnunuzi, tena kwa sauti, na siwezi hata kukasirika.

Kwa wale hawanijui vizuri, mimi ni Nekesa, nauza dawa za ng'ombe na chakula cha kuku kwenye agroveti hapa mjini, na sijawahi kucheza basketi hata siku moja (nilijaribu sekondari, mpira ukanipiga pua, nikaenda kwaya). Lakini kuitazama naipenda vibaya sana. Ndiyo maana nikaingia kwenye ile grupu yetu ya fantasi, tuko watu wanane, kila mtu anajitengenezea timu ya wachezaji watano kutoka zile timu zinazocheza ligi ya mjini siku za Jumapili, wanaume kwa wanawake, halafu mchezaji wako akifunga au akichukua ribaundi uwanjani, yaani ule mpira uliokosa kikapu, wewe unapata pointi kwenye simu. Hakuna pesa. Ni sifa tu, na matusi. Kila mchezaji ana bei yake, bei ya pointi, kuanzia moja hadi kumi na mbili, na anayepanga hizo bei ni Kamau mwenye duka la nguo mtaa wa Huruma, kwa sababu yeye ndiye hukaa uwanjani na kalamu akiandika kila kitu.

Sasa ujanja wa huu mchezo si kuchukua wale wa kumi na mbili, hao kila mtu anawajua, ujanja ni kumpata mtu wa bei ya chini ambaye wenzako hawajamwona. Na hapo ndipo nilikuwa najisifu. Jumapili moja nikamwona kijana mmoja mrefu anaingia uwanjani mechi ikiwa karibu kuisha, amefika na gambuti, viatu vya kuchezea ameshika mkononi, akabadilisha pale pembeni, akaingia akachukua ribaundi nne kabla hata watu wajue jina lake. Jina lake ni Kibet, wa timu ya Chepsaita. Nikaanza kumfuatilia. Kila Jumapili ni hivyo hivyo, anachelewa, anaingia mwisho, dakika sita, dakika saba, na kila dakika ana kitu anafanya. Lakini Kamau alikuwa anaangalia jumla, na jumla yake ilikuwa ndogo, kwa hivyo bei yake ilikuwa mbili. Mbili! Mimi nikagawanya kwa dakika, usiku nikakosa usingizi.

Shida ilikuwa moja. Nilikuwa nimebakisha nafasi moja tu ya kubadilisha mchezaji msimu mzima, na pointi tatu tu za kumnunulia, na kama huyu kijana ataendelea kucheza dakika sita, hanifai. Nikajiambia, Nekesa, nenda umwone akifanya mazoezi, ujue ni mchezaji kweli ama anawapata watu wakiwa wamechoka. Mtu mzima, na kazi yangu, nikaomba ruhusa Jumamosi nikapanda gari mpaka Turbo, kutoka hapo nikachukua boda boda mpaka Chepsaita, na kijitabu changu mkononi na kalamu mbili.

Uwanja ni wa shule ya msingi, wa udongo, vikapu viwili vya chuma, kimoja kimeinama kidogo. Nikakuta vijana kama kumi wanajipasha moto, na mwalimu wao, Mwalimu Rono, mtu mpole wa miaka hamsini hivi na filimbi shingoni. Akanijia na mkono mbele.

"Karibu mama. Umetoka mbali?"

"Eldoret."

"Tunaweza kukusaidia?"

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Ukweli ulikuwa mfupi tu: nacheza mchezo wa simu na marafiki, nimekuja kumwona Kibet. Lakini nikamwangalia yule mwalimu, nikaangalia kijitabu changu, nikaona aibu. Mwanamke wa miaka thelathini na minne amesafiri kote huko kwa sababu ya simu? Nikasema, "Natafuta wachezaji."

Si uongo, si ndiyo? Mwalimu akasimama wima.

"Una timu?"

"Ee, ninayo timu."

"Ya wanaume ama wanawake?"

"Mchanganyiko," nikasema, na huo nao ulikuwa ukweli mtupu.

Akaniambia ningoje kidogo. Akaenda kando akapiga simu moja, halafu nyingine. Baada ya dakika kumi nikaletewa kiti, kiti cha sebuleni kile cha kitambaa, kimebebwa na watu wawili kikapita katikati ya uwanja. Nikakaa, ningefanya nini? Halafu mazoezi yakageuka mechi, watu wakagawanywa timu mbili, wenye jezi na wasio na jezi. Halafu watu wakaanza kutokea senta, kule madukani, mmoja mmoja, kisha makundi, wanawake wenye leso, wazee wenye fimbo, mpaka kinyozi aliacha mtu kichwa nusu wakaja wote wawili. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Ni wa timu kubwa ya Nairobi, anachukua vijana." Nikafungua mdomo nirekebishe, lakini wakati huo huo nikapewa kikombe cha mursik, yale maziwa mala ya kibuyu, na mwanamke mrefu aliyevaa sweta ya kijani, akaniangalia usoni akasema polepole, "Mimi ni mama yake Kibet."

Huwezi kuongea na mursik mdomoni. Nikanywa. Nikaongezewa.

Mechi ikaanza, na wenzangu, yule kijana ni mchezaji! Nilisahau mpaka uongo wangu. Anajua mpira utaangukia wapi kabla haujagonga chuma, anazuia mtu kwa mgongo bila kumsukuma, anatoa pasi haraka. Nikaandika mpaka kidole kikauma, na kila nikiandika watu wananiangalia mkono, mtu akifunga wanageuka waone kama nimeandika.

Mapumziko, vijana wa kanisa wakaleta spika kubwa ya kwaya ili mgeni aseme neno (mgeni ni mimi). Kabla ya hotuba ikatakiwa muziki kidogo, simu ya Mwalimu Rono ikawa haina chaji, akaniomba yangu. Nikampa, wakaiunganisha na spika kwa bluetooth, wimbo mmoja wa injili ukacheza, watu wakapiga makofi, wimbo ukaisha, nikarudishiwa simu. Nikaona Kamau amenitumia ujumbe wa sauti. Asubuhi nilikuwa nimemwandikia, "Yule Kibet bado ni mbili? Niko njiani Chepsaita kumwangalia." Nikasogea kando kidogo, nikabonyeza, nikaweka sikioni.

Sikusikia kitu. Nikaongeza sauti.

Hapo ndipo sauti ya Kamau ilipotoka kwenye spika ya kwaya, ikajaa uwanja wote mpaka kwenye madarasa:

"Nekesa! Umefika huko? Huyo jamaa bado ni mbili, na kwa vile ninavyomjua hata hiyo mbili ni ghali! Lakini kama unamtaka fanya haraka, saa kumi na mbili nafunga soko. Ukichukua wawili wa Chepsaita nakupunguzia!"

Na kile kicheko chake mwishoni, mnakijua.

Nilijaribu kuizima nikabonyeza mahali pabaya, ikaanza tena kutoka mwanzo. Mara mbili, jamani. Mara mbili watu wote wakaambiwa kwamba wawili wa Chepsaita mtu atapunguziwa. Mpira ulikuwa umeachiliwa unabiringika wenyewe mpaka kwenye ua.  Yule mama wa sweta ya kijani akainuka.

"Nani anauzwa?" akauliza.

Nimeshawahi kuanguka na kreti ya mayai mbele ya wateja. Nimeshawahi kuimba ubeti wa tatu peke yangu wakati kwaya nzima imenyamaza. Hayo yote si kitu. Mwalimu Rono alinipa maikrofoni, hakuwa na hasira, alikuwa tu kama mtu ambaye mwili umemwishia nguvu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Nikasema ukweli. Nikasema sina timu ya Nairobi, timu yangu iko ndani ya hii simu, ni mchezo wa watu wanane, nilikuja kumwona Kibet kwa sababu namchukua kwenye mchezo, na niliona aibu kusema hivyo nilipofika. Nikasema pole. Sauti yangu yenyewe ikanirudia kutoka ukuta wa shule.

Mzee mmoja mbele akauliza, "Kwa hivyo hakuna mtu anaenda Nairobi?"

"Hapana, Mzee."

Watu wakaanza kunung'unika. Kibet alikuwa amesimama chini ya kile kikapu kilichoinama, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Kwa hivyo mimi ni mbili."

Mnajua, ningeweza kukimbia wakati huo. Boda boda ilikuwa pale. Lakini huyo kijana alivyosema ile mbili ilinichoma, kwa sababu ilikuwa si kweli na nilikuwa na ushahidi mkononi. Nikafungua kijitabu nikamwambia, kwa maikrofoni, "Kibet, wewe ni mbili kwa sababu Kamau, mwenye kupanga bei, hajui hesabu. Sikiliza." Nikawasomea. Mechi baada ya mechi, dakika ngapi, ribaundi ngapi. Nikawaambia yule wa kumi na mbili, anayesifiwa mji mzima, anacheza dakika thelathini kupata kile Kibet angekipata kwa kumi na tano, na kama huyu kijana angeanza mechi kama wengine, hakuna mtu katika hii ligi angemfikia. Niliongea kama mhubiri. Sijui hiyo nguvu ilitoka wapi, labda ni mursik.

Mama yake akanikatiza. "Dakika sita? Kwa nini wanampa dakika sita?"

Kibet akaangalia chini. Mwalimu Rono ndiye alijibu. "Mama, ni maziwa. Jumapili anangoja gari la maziwa pale barabarani mpaka lipite, ndiyo aende mjini. Akifika wenzake wameshacheza karibu yote."

"Hukuniambia," mama akamwambia mwanawe.

"Ungesema niache mpira."

 Mama akafunga kifungo cha sweta. Halafu akasema, "Kungoja gari ni kazi ya kukaa tu. Hata mimi naweza kukaa." Basi. Hakusema kitu kingine, lakini nilimwona Kibet akiokota mpira na kuudunda mara tatu nne bila sababu, kama mtu ambaye hajui aweke mikono wapi.

Nikafikiri yameisha, nikaanza kuaga. Yule mama akanishika mkono. "Mpigie huyo Kamau."

"Mama, tafadhali..."

"Mpigie. Kwa spika."

Nikampigia. Kamau akashika na ule mdomo wake, "Eh, Nekesa, umemnunua?" na uwanja mzima ukaguna.

"Kamau," akasema mama, "mimi ni mama yake Kibet, na niko hapa na watu wa Chepsaita wote."

Wenzangu! Nilisikia mteja akimuuliza Kamau bei ya suruali na Kamau hamjibu. Halafu tukasikia sauti ndogo, sauti sijawahi kusikia Kamau akitoa, "Habari yako, mama."

"Nzuri. Mtoto wangu umemwekea mbili. Huyu mama ametusomea kitabu. Hesabu tena."

Nikalazimishwa kumsomea Kamau kila kitu, mbele ya watu, yeye anaandika, na watu wanasema "Eeeh!" kila nikitaja ribaundi. Akahesabu. Akasema sita. Mzee wa fimbo akasema sita ni kidogo. Akasema nane. Mwishowe wakakubaliana tisa, watu wakashangilia kama tumeshinda kitu, kinyozi akampiga Kibet mgongoni, na mimi nikasimama pale nikipiga makofi na wengine nikijua vizuri kabisa kwamba nilikuwa nimebakisha pointi tatu peke yake. Nilikuwa nimesafiri mpaka Chepsaita kumpandishia bei mchezaji wangu mwenyewe mpaka nikashindwa kumchukua.

Achieng wa viatu, naye wa grupu yetu, ndiye alimchukua, jioni hiyo hiyo, na Jumapili iliyofuata Kibet akaanza mechi kutoka dakika ya kwanza, na mimi niko pale nashangilia pointi za mtu mwingine mpaka sauti ikapotea. Msimu nikamaliza wa saba kati ya wanane. Mkiniuliza kama iliniuma, iliniuma siku mbili hivi.

Lakini kitu kimoja nilijiapia nikiwa kwenye boda boda ya kurudi: sitaona tena haya kusema kilichonileta mahali. Wiki iliyopita nilienda kumwangalia msichana mmoja anayecheza uwanja wa pale karibu na nyumbani, Kapsoya, mzee mmoja akaniuliza nafanya nini na kijitabu. Nikamwambia, "Mzee, nacheza mchezo wa basketi kwa simu, na huyu msichana nadhani ni wa bei rahisi kuliko anavyostahili." Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akacheka, akatikisa kichwa akaenda zake. Nilisimama juani saa mbili nzima, hakuna aliyenijali, na niliandika kila kitu.