Betri ya Bwana Mita

Kwa miaka thelathini na mmoja Bwana Mita alilipwa mshahara kwa kazi ya kuchungulia. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji: anabisha geti, anainama, anapangusa kioo kwa kidole gumba, anaandika namba, huyo, ameondoka. Hakuwahi kukaa kwa mtu hata dakika tano. Alipostaafu, watu walidhani sasa atatulia. Thubutu. Alinunua karavani.

Karavani ni neno lake yeye. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, analiita tela. Ni kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, kitanda, meza ya kukunja na dirisha linalofunguka likipenda, kinachovutwa na gari lao kuukuu. Bwana Mita alitaka walivute hadi mahali pasipo na nguzo ya umeme wala jirani, wakae wawili tu, wasikilize ndege.

Safari ya kwanza walikwenda. Ndege waliwasikia vizuri sana, maana hakukuwa na kingine cha kusikia: taa, feni na redio vyote vilikata roho jioni ya kwanza. Mzee alikuwa amefunga betri ya zamani ya gari, akajiambia inatosha. Wakati wa kurudi mkewe alinyamaza njia nzima, na wanaomjua wanasema afadhali akugombeze. Walipofika nyumbani akatoa hukumu.

"Nakupa safari moja tena, baba watoto. Siku tatu tu, nina nguo za watu. Ikiwa kama hii, tela linakwenda kwa jirani."

Jirani alilitaka la kufugia kuku wa mayai, na alishapita mara mbili kupima mlango kwa mikono. Wazo la kuku kutaga juu ya kitanda chake lilimkosesha Bwana Mita raha kabisa.

Asubuhi akaenda kwa muuza betri, dada mmoja mwenye duka dogo linalonuka tindikali. Alikwenda akiwa ameshaamua anachotaka, ugonjwa wa wastaafu wengi: betri kubwa ya lori.

"Hiyo ni ya kuwashia injini, mzee wangu," dada akamwambia. "Inatoa nguvu nyingi mara moja, basi, kazi yake imekwisha. Wewe unataka inayotoa kidogo kidogo siku nzima. Chukua betri ya sola."

"Lakini mimi sina sola."

"Ni jina tu. Unatumia vitu gani?"

Bwana Mita akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: taa mbili, feni, redio, simu mbili, kila kimoja na saa zake. Dada akapiga hesabu juu ya boksi tupu. "Kwa siku ni kama ampea ishirini na tano. Hii hapa ni ya ampea mia."

"Siku nne, basi."

"Siku mbili. Ikifika nusu unaacha. Ukiikausha mpaka chini, hukai nayo."

Hilo la nusu lilimkera. Kununua betri nzima utumie nusu, kwake ilikuwa sawa na kununua suruali uvae mguu mmoja. Hata hivyo akainunua, na chaja yake, akaapa kuwa hatadanganyika tena.

Nyumbani akaichaji barazani, kwa kuwa dada alimwonya kuwa inatoa gesi, isiwekwe chumbani. Baada ya saa tatu uvumilivu ukamwishia. Akachomoa chaja, na palepale akagusisha nyaya za kipimo chake kidogo: volti kumi na tatu nukta mbili. Dada alikuwa amesema kumi na mbili nukta saba ndiyo imejaa. Kwa hiyo hii ilikuwa imejaa na nyongeza juu. Akamtangazia mkewe, akamtangazia jirani kwa sauti ya kupita ukuta, akalala usingizi wa mshindi.

Kulipokucha akapima tena. Kumi na mbili nukta tatu. Hakuna kilichowashwa, hakuna aliyeigusa. Akaibeba betri kifuani, akahema hadi dukani, akaitua kwa kishindo. "Umeniuzia mbovu, mwanangu."

"Ulipoipima jana, ilikuwa imetoka kwenye chaja muda gani?"

"Palepale."

Dada akajitahidi asicheke, na karibu afaulu. "Ikitoka kwenye chaja inajisifu, mzee wangu. Iache ipumzike saa kadhaa, usiiwashie kitu, ndipo uipime. Hapo itakwambia kweli. Na saa tatu ni mzaha. Iache kwenye chaja mpaka taa iwe ya kijani, hata kama ni kutwa nzima."

Bwana Mita aliona haya. Lakini tumwonee huruma kidogo: mita ya maji haijisifu. Unainama, inakwambia ilicho nacho, unaandika, unakwenda zako. Miaka thelathini na mmoja hakuna namba iliyowahi kumwambia angoje.

Mkewe alipouliza betri ilikuwa wapi asubuhi yote, alijibu kwamba aliipeleka kutembea. Safari hii akaichaji kutwa kucha, taa ikawa ya kijani, akaiacha ipumzike, naye akiizunguka na kujizuia kuigusa. Kumi na mbili nukta saba. Wakafunga safari.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Jua lilikuwa kali, feni ikazunguka tangu walipofika, na Bwana Mita hakuthubutu kuizima kwa sababu mkewe alitabasamu chini yake. Siku ya pili alasiri mkewe alikuwa kitandani akishona vifungo vya gauni la bibi harusi. Bwana Mita alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la betri, na namba aliyoiona haikumpendeza.

"Inasomaje?" mkewe akauliza bila kuinua macho.

"Iko sawa" ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Sijui," akasema. "Hapa feni inawaka, namba hii si ya kweli. Tuzime kila kitu tungoje nusu saa."

Mkewe akainua macho. Tangu waoane hakuwahi kumsikia mtu huyu akisema hajui. Akanyoosha mkono, akazima feni mwenyewe. Wakakaa kwenye joto, jasho likiwatiririka, mmoja na sindano, mwingine na saa ya mkononi. Nusu saa ilipotimia, Bwana Mita akapima.

"Kumi na mbili nukta mbili. Imefika nusu," akasema. "Taa jioni tutapata, kidogo. Feni ndiyo basi. Naweza kuiwasha na itazunguka, lakini nitakuwa naiua betri. Nilipaswa kuizima tangu jana, nikaogopa. Jirani nitampelekea tela Jumatatu."

Mkewe akachomeka sindano kwenye gauni. "Safari ile nilikuuliza mara ngapi kama betri iko sawa?"

"Mara tatu."

"Ukanijibu nini?"

"Iko sawa."

"Na ulikuwa unajua kuwa imechoka." Hakupandisha sauti. "Unadhani nilikasirikia giza? Nimekulia nyumba isiyo na umeme, giza nalijua. Nilikasirika kwa sababu mume wangu aliniona mimi ni mtu wa kufichwa."

Bwana Mita akafunga mlango wa kabati la betri. Ilimuuma, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa siku zote hizi alikuwa akitibu betri.

Mkewe akainuka, akalowesha taulo, akalitundika dirishani ili upepo upite hapo upoe. "Injini ya gari ikiwaka, inaichaji?"

"Kwa waya huu unaotoka garini, ndiyo. Saa mbili tatu tunapata ya feni ya kesho."

Mkewe akahesabu vifungo vilivyobaki. "Harusi yenyewe ni Jumamosi. Basi kesho asubuhi uwashe gari. Tunakaa siku ya nne."

Bwana Mita akasema anakwenda kuangalia magurudumu. Akazunguka nyuma ya tela, akainama kwenye gurudumu lisilo na kasoro yoyote, akalikagua muda mrefu sana, akijifuta macho kwa mkono wa shati.